Mbwa Haji Ukimuita? Mwongozo Kamili, Kuanzia Uani Mpaka Ufukweni

Naandika hii kwasababu watu wananijia na tatizo lile lile kila siku. Jamaa mmoja wa Chikongola, mama mmoja wa kule Mtama mwenye mbwa wanne wa kulinda shamba, kijana wa bodaboda hapa Shangani, Mtwara, wote maneno yao ni hayo hayo, "nimejaribu kila kitu, huyu mbwa kichwa ngumu". Nikienda kuangalia nakuta mbwa wala hana shida. Anaitwa, akija anafungwa mnyororo. Anaitwa, akija anachapwa kwa kuwa alichelewa kuja. Anaitwa, akija anamwagiwa maji ya kuogeshwa. Hata ungekuwa wewe usingekuja.

Mbwa hakumbuki kwamba anapigwa kwa kosa la dakika kumi nyuma. Yeye anachojua ni kwamba alisikia jina lake, akasogea kwa bosi, akala fimbo. Kesho akisikia jina anasimama mbali anakuangalia, wewe unasema ana kiburi, kumbe ana akili timamu.

Kwahiyo kazi yetu hapa ni moja tu, kufanya kuja kwako kumlipe kuliko kitu chochote anachokiacha huko alipo. Na malipo yawe papo hapo. Sisi watu wa korosho tumeshazoea stakabadhi ghalani, unapeleka mzigo unasubiri hela iingie, lakini mbwa hana uvumilivu huo, yeye ni taslimu mkononi ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa ukaanza kupekua mfuko, ushalipia kitu kingine, labda umelipia kule kukaa kwake au kukurukia.

## Andaa hivi kwanza

Usianze kama hujavipata, nawajua nyie.

- Chakula cha zawadi. Ini la ng'ombe lililochemshwa bila chumvi, firigisi, au dagaa wakavu wasio na chumvi (kama ni wa chumvi waloweke usiku, umwage maji). Kata vipande vidogo kama punje ya harage, maana utavitumia vingi na hatutaki mbwa ashibe stepu ya kwanza. Ugali mkavu hautoshi, huo anaula kila siku. Usimpe chochote chenye kitunguu, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, inapasuka vipande vyenye ncha. Korosho za kukaanga pia acha, zina mafuta mengi na chumvi.
- Kamba ndefu ya mita 10. Nenda kwa wanaouza vifaa vya uvuvi, chukua ya manila nyembamba kiasi, nyepesi. Mwisho wake usipige fundo, fundo linanasa kwenye mizizi na mawe.
- Mkanda wa shingo unaopitisha vidole viwili kati yake na shingo. Kama mbwa wako ni mkubwa na anakimbia kwa nguvu, bora mkanda wa kifuani, maana kamba ndefu ikimkata ghafla shingoni anaumia.
- Kimfuko cha kiunoni, au mfuko wa suruali ambayo huipendi sana.
- Mtu wa pili, hata mtoto wa darasa la nne anatosha ilimradi hamuogopi mbwa.
- Sehemu yenye fensi au ukuta. Ua wa nyumba unatosha kabisa.

Muda ni dakika tatu mpaka tano, mara mbili tatu kwa siku, kabla hajala. Fanya asubuhi mapema au jioni jua likishalegea. Saa saba mchana wa Mtwara hata mwalimu mwenyewe hajifunzi kitu.

Chanjo nayo iwe sawa kabla ya kutoka nje ya geti. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida inaanza akiwa na miezi mitatu halafu inarudiwa kwa ratiba atakayokupa daktari wa mifugo. Kitoto ambacho hakijamaliza chanjo zake usikipeleke sehemu wanapozurura mbwa wengi, parvo (ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara) inaua haraka sana.

## Stepu ya 1: Chagua neno jipya

Hapa ndipo wengi wanafeli kabla hata ya kuanza. Neno "njoo" nyumbani kwako linaitwa mara ngapi kwa siku? Njoo ule, njoo uchukue hela ya mafuta ya taa, we Asha njoo hapa! Mbwa amelisikia mara elfu na halikumhusu. Na jina lake nalo limeharibika, "Simba toka", "Simba acha", "Simba nitakupiga".

Chukua neno ambalo halitumiki hapo kwenu. Mimi natumia "twende-twende" kwa sauti ya juu ya furaha. Mama wa Mtama anapiga mluzi wa mara tatu, na kwa shambani mluzi ni mzuri zaidi, unafika mbali na haubadiliki ukiwa na hasira. Sauti yako ikiwa na hasira mbwa anaisikia kabla ya neno lenyewe.

Neno la zamani liache lizikwe. Watu hawapendi kusikia hili ila kulifufua neno lililoharibika ni kazi mara tatu ya kuanza na jipya.

## Stepu ya 2: Neno ni chakula, bado hujaita

Kaa karibu na mbwa, hatua moja. Sema neno mara moja, hapo hapo mpe kipande cha ini. Basi. Hajafanya chochote, na hatakiwi kufanya chochote. Subiri kidogo, rudia. Mara kumi halafu acha.

Mtu ataniuliza mbona namlipa bure. Humlipi bure, unamjengea kichwani kwamba mlio huu unafuatwa na ini, kama wewe unavyosikia mlio wa meseji ya muamala mkono unakimbilia simu kabla hujafikiria.

Zingatia mpangilio, neno kwanza halafu mkono uende mfukoni. Ukianza kupekua mfuko ndipo useme, mbwa atajifunza kusikiliza mfuko, na siku huna mfuko huna mbwa.

Utajua umefaulu: siku ya tatu au ya nne, mbwa anaangalia pembeni, unasema neno, kichwa kinageuka chap. Kama hakigeuki usiende mbele, ongeza ubora wa chakula.

## Stepu ya 3: Hatua chache uani

Sasa akiwa mita mbili tatu, hana shughuli, sema neno mara moja kisha rudi nyuma hatua kadhaa haraka, au chuchumaa. Mbwa anapenda kufuata kinachoondoka. Ukimsogelea wewe, hasa umemkazia macho na umeinama juu yake, kwake hicho ni kitisho na wengi wanarudi nyuma au wanageuza kuwa mchezo wa kukimbizana.

Akifika mlipe miguuni kwako, karibu kabisa, usinyooshe mkono kumrushia. Ukimrushia unamfundisha kusimama mita moja kutoka kwako, na hiyo mita moja ndiyo itakayokutesa siku unataka kumshika.

Onyo kubwa, na hili nitalirudia: sema neno MARA MOJA. Ukisema "twende-twende, twende-twende, we twende-twende!" unamfundisha kwamba la kwanza si la kweli, la kweli ni la sita. Asipokuja usirudie neno. Piga makofi, kimbia upande wa pili, toa sauti za ajabu, akisogea mlipe, halafu jua kwamba kosa lilikuwa lako, ulimuita kabla hajaiva. Rudisha umbali.

Utajua umefaulu: kati ya mara kumi anakuja mara tisa, tena anakimbia, hatembei kama mtu anayepeleka barua ya kusimamishwa kazi.

## Stepu ya 4: Kumshika mkanda

Wengi wanairuka hii, alafu wanalalamika mbwa anakuja ila hashikiki. Anafika hapo karibu, ukinyoosha mkono anaruka nyuma, mnaanza kuzunguka mwembe mpaka majirani wanatoka kuangalia sinema.

Ukimuita akija, mkono wa kushoto ugusie mkanda taratibu, wa kulia unampa zawadi. Gusa, lipa, achia. Siku inayofuata shika sekunde moja, lipa, achia. Halafu sekunde tatu. Halafu funga kamba, lipa, fungua kamba, aendelee kuzurura. Hilo neno achia ndilo lenye dawa. Kama mara tisa kati ya kumi kushikwa kunaisha kwa kuachiwa, hana sababu ya kukukimbia.

Utajua umefaulu: ukinyoosha mkono yeye mwenyewe anasogeza shingo.

## Stepu ya 5: Mchezo wa watu wawili

Hii watoto wanaipenda, wape wao. Mmoja asimame upande huu wa ua, mwingine upande ule, kila mmoja na ini lake. Mmoja anaita, analipa, ananyamaza kabisa na kuangalia juu kama hamjui huyo mbwa. Wa pili anaita. Mara nane mpaka kumi mnaacha, akiwa bado anataka.

Baadae jificheni, nyuma ya tenki la maji, nyuma ya banda. Anajifunza kukutafuta. Na mkubaliane neno na sauti, maana nimekuta nyumba moja baba anapiga mluzi, mama anasema "kuja", mtoto anaita jina, na wote wanashangaa.

## Stepu ya 6: Nje na kamba ndefu

Hapa ndio chujio lenyewe. Mbwa aliyekuwa anakuja vizuri uani, nje ya geti anakuwa kama hajawahi kukuona. Usikasirike, ukubali tu kwamba uani ulikuwa unashindana na ukuta, nje unashindana na dunia nzima.

Funga ile kamba ya mita 10, iburuzike chini, wewe uwe karibu na mwisho wake. Kamba si ya kumvuta! Kazi yake ni kuhakikisha kwamba akikataa hapati faida ya kukataa, hawezi kwenda kukimbiza kuku wa watu. Ukimuita asipokuja, kanyaga kamba, msogelee taratibu huku ukiikusanya, mvutie kwa chakula puani, rudini nyuma pamoja, umlipe kidogo, muanze upya mahali pepesi zaidi.

Usizungushe kamba mkononi wala kidoleni. Mbwa wa kilo 25 akichomoka manila inachuna ngozi, mimi nina alama kiganjani mpaka leo. Vaa glavu za shamba au kanyaga kwa kiatu. Na usimfungie kamba ndefu penye watoto wengi wanaokimbia, itawaangusha.

Anzia sehemu tulivu, kiwanja cha shule siku ya Jumapili asubuhi, kwa ruhusa. Shuka umbali mpaka mita mbili kama mlivyoanza uani, alafu pandisha tena. Ndiyo, unarudi nyuma, kila sehemu mpya unarudi nyuma kidogo, ndivyo mbwa walivyo, anachojua jikoni hajui sebuleni.

Ukienda ufukweni angalia upepo. Kipindi cha kusi pale Shangani upepo unachukua sauti yote, unaita mpaka koo linakauka na mbwa hajasikia kitu, halafu unamlaumu. Jipange upepo utoke kwako uende kwake, hapo sauti inafika na harufu ya ini inafika.

Utajua umefaulu: sehemu tatu tofauti, mara nane au zaidi kati ya kumi, kamba imelegea muda wote, hujaikanyaga.

## Stepu ya 7: Kuku, mbuzi, bodaboda na kaa wa pwani

Orodhesha vitu vinavyomchanganya mbwa wako, kuanzia kile kinachomsumbua kidogo mpaka kile kinachomtoa akili. Wa kwangu, Popi, ilikuwa hivi: mtu anapita, mtoto na mpira, mbuzi, kuku, mbwa mwingine, na wa mwisho kabisa kaa. Maji yakipwa wale kaa wanatoka kwenye mashimo yao, basi Popi anakuwa mwehu.

Siri ni umbali. Usimuite akiwa mita tatu na kuku. Simama mita 40, mbwa ameona kuku ila bado masikio yanakurudia, hapo ita. Akija mpe zawadi kubwa, vipande vitano kimoja kimoja na sifa juu. Kesho mita 35. Akishindwa mara mbili mfululizo umesogea haraka, rudi nyuma. Wiki mbili tatu kwa kila kitu ni kawaida, na kuku mwingine atakuchukua mwezi.

Kuna ujanja mwingine mzuri. Akija akaacha mbuzi, mlipe, halafu mwambie "haya nenda" umruhusu anuse pale alipokuwa ananusa (sio kumkimbiza mbuzi, elewa). Yaani kuja kwako hakumalizi raha. Watu wengi wanaita mbwa mara moja tu wakiwa matembezini, wakati wa kurudi nyumbani. Mbwa sio mjinga, wito mmoja ni mwisho wa starehe, kwanini aje? Ita mara kumi, muachie mara tisa.

Na kwa huku kwetu kuna hili la majirani. Wengi ni Waislamu, mate ya mbwa ni najisi, mtu anaelekea msikitini na kanzu yake safi mbwa wako akimlamba umemrudisha nyumbani akaoshe mara saba, moja kwa udongo. Mbwa kuwa mpole hakusaidii kitu hapo. Kwahiyo "mtu anapita" ifanye iwe namba moja kwenye mazoezi, aone mtu ageuke akutazame wewe. Mimi nilifanya hivi jioni nyingi nikiwa mbali na njia, kila mpita njia mmoja ni kipande kimoja cha dagaa.

## Stepu ya 8: Kuachia kamba

Usiivue siku moja. Ikate, kutoka mita 10 iwe 5, halafu 2, halafu kipande cha shibiri mbili kinachoning'inia, kisha hakuna. Mbwa anajua uzito wa kamba, ukiitoa yote ghafla anajua leo yuko huru.

Zawadi nazo usikate ghafla. Anza kulipa kwa kubahatisha, mara kipande kimoja, mara sifa tu na kumkuna kifua, mara ghafla firigisi nzima. Ile ya kutojua leo ni ipi ndiyo inamfanya akimbie.

Karibu na barabara ya lami hata awe hodari vipi mfunge. Bodaboda na mabasi hayasubiri mafunzo yako.

## Kitoto na mbwa mkubwa

Kitoto cha wiki nane mpaka miezi minne kinakufuata chenyewe, kwahiyo watu wanadhani kimeshajua. Hakijui, kinaogopa kubaki peke yake. Tumia huo muda kukilipa kila kikikufuata. Kikifika miezi sita hivi mpaka mwaka na zaidi, masikio yanaziba, kinagundua dunia. Hapo rudisha kamba bila aibu, rudi stepu ya 6, kitapita.

Mbwa mkubwa aliyepigwa sana anaweza, ila kaa stepu ya 2 na ya 4 muda mrefu, wiki tatu hata nne. Usimuinamie. Kaa chini umpe ubavu, tazama pembeni, aje mwenyewe.

## Mbwa wa shambani, msimu wa korosho

Hili wameniuliza sana watu wa Newala na Nachingwea. Kuanzia Oktoba hivi mabibo (matunda ya mkorosho) yanadondoka, yanaoza, yanachacha pale chini, na mbwa wengine wanayala mpaka wanayumba kama waliotoka kwenye uraka, ile pombe ya mabibo. Usicheke, pombe inamdhuru mbwa. Ganda la korosho mbichi nalo lina mafuta yanayounguza mdomo. Kwahiyo neno lako la kuita ndilo litakalomtoa pua kwenye mabibo, lifanyie mazoezi Agosti na Septemba kabla msimu haujachanganya, na Oktoba uanze upya chini ya mkorosho mmoja, na kamba.

Shambani pia watu wanategea ngedere na nguruwe pori, wengine wanaweka sumu. Mbwa anayegeuka kwa mluzi mmoja ana nafasi ya kuachia kitu kabla hajameza.

## Ukikwama

Anakuja nusu njia anasimama. Unamsogelea, au unamrushia zawadi, au ukimshika unafunga moja kwa moja. Rudi stepu ya 4.

Anakuja akiona dagaa tu. Unaonyesha kabla ya kuita. Mikono mitupu, neno kwanza. Au weka zawadi kwenye kopo juu ya ukuta, aje kwako halafu mkimbie pamoja kwenye kopo.

Amechoropoka, hana kamba, na haji. Usimkimbize, miguu minne haishindwi na miwili. Kimbia upande wa pili unapiga kelele za furaha, au lala chini kabisa, wengi wanakuja kuangalia umekumbwa na nini. Akija, hata kama imepita nusu saa na umeshachemka mpaka unatetemeka, mlipe. Najua inauma. Ukimpiga hapo umefuta miezi miwili.

Nataka kumuogesha, kumpa dawa, kumkata kucha. Usitumie neno. Mfuate alipo umchukue.

Popi ana miaka minne sasa, anageuka hata kaa akiwa mita moja mbele yake, lakini mpaka leo sitoki bila dagaa mfukoni. Mke wangu suruali zangu anazifua peke yake, hachanganyi na nguo nyingine.